Stima ya Mguuni, Kibofu Kikatulia

Maswali ya kuvuja mkojo mnayoniletea kwa siri yamezidi, na wengine mnauliza "kwa niaba ya rafiki". Basi leo nasema hadharani. Nina miaka 54, nimezaa wanne, nakaa Likoni, Mombasa, na kazi yangu iko ng'ambo ya feri, katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Kwa miaka kadhaa kibofu ndicho kilichokuwa kikinipangia nipite wapi, nivae nini, na nikae kiti gani arusini. Sasa kimetulia, na kilichokituliza ni stima inayopitishwa kwenye kifundo cha mguu. Ndiyo, mguu. Nami nilicheka.

Kwanza tuelewane ni tatizo gani. Kuna wanawake wanaovuja wakicheka, wakikohoa au wakinyanyua ndoo. Hao mara nyingi ni misuli ya chini iliyolegea, na haya ninayoeleza si dawa yao. Yangu ilikuwa ya kubanwa ghafla. Niko sawa kabisa, mara mkojo unakuja wote kwa pamoja, na kabla sijafika chooni ushanitangulia. Kuna vitu vilivyokuwa vikinichokoza: maji yakimwagika mferejini, ufunguo ukiingia kwenye kitasa cha nyumbani, na mlango wa feri ukianza kuteremshwa.

Hiyo feri ndiyo iliyonitoa machozi. Anayeijua Likoni ya asubuhi anajua: mnangoja bandani umati mzima, geti likifunguliwa mnateremka kwa pamoja, na ukishaingia hakuna kurudi. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache tu, lakini meli ya makontena ikiwa inaingia Kilindini, feri husubiri ipite, na kibofu hakijui sheria za bahari. Mkobani nilikuwa na pedi, nguo ya ndani ya akiba, leso na chupa ya maji. Buibui jeusi ni sitara kubwa jamani, halionyeshi majimaji. Nilijua vyoo vyote vya Mwembe Tayari, vya Marikiti, na misikiti yote yenye upande wa wanawake kutoka Bondeni mpaka Mji wa Kale. Sala nayo ikawa mtihani. Ustadhi mmoja alinieleza kwa upole hukumu ya mwenye udhuru: ujisafishe, ujifunge, utie udhu wakati wa sala ukishaingia, usali. Ilinipa utulivu wa moyo, lakini tarawehe niliziacha nikawa nasalia nyumbani.

Daktari wa kwanza aliniambia, "Mama, ni umri," hata hakunigusa. Shangazi yangu akasema ni baridi imeingia tumboni, nipigwe chuku. Wa tatu alikuwa daktari wa njia ya mkojo, mtu wa maneno machache, naye ndiye aliyeanza panapostahili: akapima mkojo kuona kama kuna maambukizi, akapima sukari, kisha nikapigwa picha ya ultrasound kabla na baada ya kukojoa kuona kama kuna mkojo unaobaki ndani. Vyote vikawa safi. Akaniambia niandike daftari: ninakunywa nini, saa ngapi, ninakojoa kiasi gani. Nikanunua kikombe cha plastiki chenye vipimo, kile cha kupimia maziwa ya keki. Daftari likamwonyesha kila kitu. Kibofu cha mtu mzima huweza kubeba kati ya mililita 300 na 500. Mimi nilikuwa nakimbia chooni kutoa mililita 80, pengine 100 tu. Kibofu hakikuwa kimejaa. Kilikuwa kinajikaza tu bila kuamriwa.

Mengine nitayapita haraka. Kahawa tungu ya jioni ilikwenda, na chai nyeusi ya ofisini ikapungua, kwani kafeini hukichokoza kibofu. Nikafundishwa mazoezi ya kubana na kuachia, yale aliyoyaandikia makala daktari wa Marekani Arnold Kegel mwaka 1948. Nilimwambia daktari kwamba somo yangu alinifundisha hayo kabla ya arusi, kwa madhumuni mengine. Hakujua atazame wapi. Nikapewa na vidonge vya oxybutynin. Vilisaidia kidogo, ila vilinikausha mdomo hata nikizungumza na wateja kwenye simu ulimi unagandana, na choo kubwa ikawa shida. Daktari mwenyewe hakutaka nivinywe muda mrefu, kwa sababu kwa watu wenye umri dawa za aina hiyo huweza kuchafua kumbukumbu. Ndipo akanipeleka kwa mtu wa fiziotherapia.

Nikamkuta binti wa Kidigo, mdogo kuliko kifungua mimba wangu. Akaniambia, "Mama, nitakuwekea mashine mguuni." Nikamwambia, "Mwanangu, ugonjwa uko juu huku." Akacheka, akatoa karatasi akachora. Kuna mshipa wa fahamu unaoteremka kutoka mgongo wa chini, unapita nyuma ya paja na goti, unazunguka kifundo cha mguu kwa ndani na kuishia unyayoni. Mizizi yake mingine hutoka pale pale kwenye sakramu, mfupa wa chini ya kiuno, inapotoka mishipa inayoendesha kibofu; hata majina ya mizizi hiyo kwa madaktari ni yale yale, S2 na S3. Akasema nifikirie nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: mguu na kibofu ni wapangaji wa ukumbi mmoja, ukimwita mmoja, mwenziwe naye husikia. Ujumbe wa stima unapanda kutoka kifundoni hadi uti wa mgongo, na huko hupunguza zile amri za kibofu kujikaza ovyo. Vipi hasa, wataalamu wenyewe bado wanajadiliana.

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni ya sindano nyembamba mno, inachomwa upana wa vidole vitatu juu ya kifundo, upande wa ndani, na kuunganishwa na mashine. Hufanywa dakika 30 kwa kila kikao, mara moja kwa wiki, wiki 12, halafu vikao vya kukumbushia. Aliyeikuza ni daktari Marshall Stoller wa San Francisco. Lakini kabla yake, mwaka 1983, Edward McGuire na wenzake walikuwa wameshaandika kuhusu kutuliza kibofu kwa stima inayopita juu ya ngozi ya mguu, na wazo walilipata kwa Wachina na sindano zao za jadi. Hilo nilimpelekea shangazi mbio, naye akanijibu: "Si nilikwambia chuku?" Chuku ni jambo jingine, lakini ushindi ule nilimwachia.

Njia ya pili, niliyopewa mimi, haina sindano. Ni mashine ndogo ya TENS, ile ile wanayotumia kwa maumivu ya mgongo. Ina waya mbili na vibandiko viwili: kimoja nyuma ya kifundo upande wa ndani, kingine juu yake kidogo. Aliiweka mapigo 20 kwa sekunde, kila pigo mikrosekunde 200, kisha akaanza kuongeza nguvu polepole huku akinitazama vidole. Unyayo ukaanza kuwasha kwa ndani, kidole gumba kikajikunja chenyewe. "Hapo hapo," akasema, akapunguza kidogo. Kidole kikicheza, ndipo unajua umeupata mshipa wenyewe. Ukiona kifundo kinatetemeka tu na unyayo hausikii kitu, sogeza kibandiko. Hakuna uchungu. Ukisikia uchungu umezidisha.

Alipoona nimeelewa, akaniruhusu niwe naifanya nyumbani. Mume wangu akauliza kama itatumalizia tokeni za stima. Inatumia betri ya mraba ya volti 9, bwana wee. Hata stima ya mtaa ikikatika, mimi naendelea. Nilikuwa naivaa baada ya Isha, nimeunyoosha mguu juu ya mkeka, wajukuu wanasubiri kidole kicheze wapige makofi.

Sasa matokeo, na hapa nataka nieleweke vizuri, kwa sababu mitandaoni watu huuza mashine hizi kwa uongo mtupu. Wiki za mwanzo hapakuwa na kitu. Nilikasirika, nikampigia yule binti, akaniambia niendelee, kwa kawaida huchukua wiki kadhaa. Kisha usiku mmoja nililala mpaka adhana ya alfajiri. Baadaye nikaanza kugundua jambo: kubanwa bado kunakuja, ila kunabisha hodi. Zamani kati ya kubanwa na kulowana hapakuwa na nafasi hata ya kufungua mlango. Sasa nina dakika. Mlango wa feri unateremka, nabanwa, nabana misuli, kunapungua, natembea na watu mpaka ng'ambo, natafuta choo kwa heshima zangu. Kilichorudi kwangu ni muda. Mara mojamoja bado navuja, hasa siku ya arusi yenye kahawa nzuri, na pedi moja bado iko mkobani.

Wala haimfai kila mtu. Utafiti mmoja uliotoka Marekani mwaka 2010, wa ile njia ya sindano, ulichukua watu wazima 220; nusu wakatibiwa kweli, nusu wakatiwa sindano ya bandia bila kujua. Waliotibiwa kweli, asilimia 54.5 walisema wamepata nafuu ya wazi. Wa bandia nao, asilimia 20.9 walisema hivyo hivyo! Kwa hivyo jirani akikuapia kwamba amepona kwa mafuta fulani, mwamini kwamba amepata nafuu, lakini mafuta usinunue.

Watu wetu wakisikia ugonjwa tu mawazo yao yako India. Ni kweli ipo njia kubwa zaidi: kupandikizwa kifaa chini ya ngozi ya kalio, chenye waya unaofika kwenye mshipa wa S3 na kuupelekea stima mchana na usiku. Madaktari Emil Tanagho na Richard Schmidt waliianza San Francisco mwaka 1981, na Marekani ikaidhinisha kifaa hicho mwaka 1997. Kizuri chake ni kwamba hujaribiwa kwanza kwa muda, kifaa kikiwa nje ya mwili. Dalili zisipopungua kwa nusu, hupandikizwi. Inawasaidia pia baadhi ya wale ambao mkojo unakataa kutoka ingawa hakuna kilichoziba. Na kwa walioumia uti wa mgongo, Giles Brindley wa London alitengeneza tangu miaka ya 1970 kifaa cha aina nyingine, ambacho mtu hukiamuru kwa rimoti kibofu kijikaze na kumwaga. Hayo ni makubwa na ni ghali, yana upasuaji ndani yake. Kwa maoni yangu, aliyebanwa kama mimi aanzie mguuni, na hata mguuni asianze kabla ya kupimwa.

Usinunue mashine ukajibandika kama una kifaa cha moyo kifuani, au una mimba, au una kidonda pale mguuni. Mwenye kifafa amuulize daktari kwanza. Vibandiko visipelekwe shingoni wala kifuani. Na ukiona damu kwenye mkojo, achana na habari zangu zote, nenda hospitali leo.

Mlioniuliza kuhusu vibandiko kutoshika: ni kwa sababu mnapaka mafuta ya nazi. Osheni kifundo kwa sabuni, mkaushe, ndipo mbandike. Vikichoka, tone moja la maji huviamsha kwa siku kadhaa, kisha nunueni vipya. Na mnaokwenda kuonwa mara ya kwanza, vaeni dera. Mimi nilikwenda na suruali ya kubana ndani ya buibui, ikakataa kupanda muundini, na yule binti akalazimika kutafuta mkasi.