Nilivyoigeuza ndege ya viti viwili iongozwe kutoka chini

Kila niliyemwomba ushauri alinitisha na redio. "Mawimbi yakikatika umekwisha," halafu wananitajia antena kubwa kubwa. Kumbe redio ndiyo iliyonisumbua kidogo kuliko vyote. Waingereza walikuwa wakirusha ndege iitwayo de Havilland Queen Bee kwa redio tangu 1935, wapiga mizinga wajifunzie shabaha. Mimi nilichopenda kwao ni kwamba chumba cha mbele kilibaki na usukani wake kamili, rubani akihitajika aingie arushe mwenyewe. Nikaiga. Ndege yetu ya majaribio ina mtu ndani, ila mikono yake iko mapajani.

Vibali, nyaya na hesabu za uzito tulimaliza. Kazi ilikuwa mota za kuvuta kebo za usukani, ambazo pia zilinila pesa kuliko redio na kompyuta kwa pamoja.

Fundi mmoja alisisitiza niweke swichi ya kuzikatia umeme, basi. Lakini mota yenye gia hata ikikosa umeme bado inabisha ukiizungusha, na gia iliyokwama haisikii swichi. Rubani apigane mieleka na chuma angani? Nikaweka klachi kati ya mota na kebo: sahani mbili zinazobanwa na springi, ukikaza nati zinashikana zaidi. Nikaazima mzani wa kuning'iniza, ule wa kupimia mizigo ya safari, nikaufunga juu ya fimbo ya usukani ya rubani na kuvuta hadi sahani ziteleze, huku nikisoma kilo. Zikikazwa sana, mkono unatetemeka. Zikilegea, zinateleza hata kwa mpira tuliofunga kwenye mkia kuiga nguvu ya upepo. Nikamwita mwenzetu mwembamba kuliko wote avute kwa mkono wa kushoto. Alipoweza bila kukunja uso, nikafunga nati kwa waya. Juu ya hapo kuna pini ya alumini laini inayokatika klachi ikiganda. Nilikata nyingi kuliko zilizohitajika, maana mlio wake unaburudisha.

Ushauri mbovu zaidi ulikuwa kwamba fimbo ninayoishika mimi huku ardhini ipeleke amri moja kwa moja kwenye mkia, "kama ndege ya kuchezea." Ndege ya kuchezea unaiona kwa macho! Mimi natazama picha inayofika imechelewa robo sekunde hivi. Pua imeinuka, naisukuma chini. Kumbe ilishaanza kushuka yenyewe, nami nimeiongezea. Naivuta, inapanda kupita kiasi. Kila sahihisho langu likazidisha wimbi, mpaka upeo wa macho ukawa unapanda na kushuka kwenye skrini na tumbo langu nyuma yake. Rubani akabonyeza kitufe chekundu cha kuninyang'anya usukani, akasema kwa utulivu wa kuudhi: "Pumzika bosi, hii naileta mwenyewe."

Dawa yake ni kutoagiza mkia kabisa. Sasa fimbo yangu inaagiza pembe: pua digrii 5 juu, bawa digrii 20 kulia. Kompyuta iliyomo ndani ndiyo inayoishikilia pembe hiyo, ikijisahihisha mara nyingi kwa sekunde, nami nikichelewa hakuna anayeumia.

Kompyuta hiyo nayo usiifunge kwenye ukuta wa injini, japo utaambiwa nyaya zitakuwa fupi. Mwongozo wa ArduPilot, programu ya kompyuta za kuongozea ndege zisizo na rubani, unaona mtetemo ulio chini ya mita 30 kwa sekunde mraba ni wa kawaida. Wetu ulipita hapo kwa mbali, na sensa zikawa zinaota mambo. Nikaihamishia karibu na kitovu cha uzito, juu ya sponji laini, na kuipa boksi lake uzito zaidi. Ikatulia bila kugusa hata mstari mmoja wa programu. Mota zipe betri yake peke yake. Na mrija wa kupimia mwendo wa hewa uwe nje kwenye bawa, mbali na upepo wa propela, la sivyo utapimiwa kasi ya propela.

Kutua bado namwachia rubani, kwa sababu kamera moja haikuonyeshi vizuri ardhi iko chini kiasi gani. Nimeagiza kipima urefu cha leza. Kikifika, tutaanza kwa kupita juu ya njia ya kurukia bila kugusa, yeye akiwa ndani, kidole kwenye kitufe chekundu.