Siku moja na mkonga: Kigoma, Kalinzi, Manyovu

Saa 11 alfajiri

Kabla ya chai, matairi. Mimi ni dereva wa kike kwenye mradi wa afya hapa Kigoma mjini, na gari langu ni Land Cruiser hardtop, lile ambalo kila mtu analiita mkonga kwa sababu ya bomba linalopanda kando ya kioo cha mbele. Upepo naupima alfajiri kwa sababu tairi lazima liwe la baridi. Ukipima baada ya kutembea, joto limeshaupandisha, utasoma kwamba unatosha kumbe ni pungufu. Leo tairi la nyuma kushoto limezidiwa na mwenzake, nalijaza mpaka yanalingana.

Wapo madereva wanaona huku ni kupoteza muda. Mimi huwaambia yaliyotokea Marekani. Mwaka 2000 kampuni ya matairi ya Firestone ilitaka yarudishwe matairi takriban milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer, gari refu, yaani lililoinuka juu kama langu. Ngozi ya juu ya tairi ilikuwa inabanduka gari likiwa kwenye mwendo mkali, gari linayumba, linapinduka. Walikufa watu zaidi ya 200. Tairi zenyewe zilikuwa na kasoro, lakini joto, mzigo na upepo mdogo viliongeza hatari. Ford walikuwa wanashauri psi 26, Firestone wakasema iwe 30. Gari dogo tairi likipasuka, mara nyingi unaserereka tu. Gari refu lina njia ya pili, ya kwenda chini juu miguu hewani.

Kisha nachuchumaa na tochi: shokapu kama zinavuja, bushi, tairodi, nati. Shokapu ikichoka, gari likilala kwenye kona linachelewa kuinuka, na kona ya pili inalikuta bado limelala.

Saa 12 na nusu asubuhi

Stoo. Leo tunapeleka vyandarua na maboksi ya chanjo vijiji vya upande wa Manyovu. Nakuta vijana wameshaanza kupandisha marobota kwenye keria.

"Dada, tumeweka juu ili ndani mkae kwa raha," mtunza stoo ananiambia.

"Nashukuru kaka, lakini yashusheni. Yote yanalala sakafuni."

Ananuna kidogo, na namwelewa, kwa sababu kushusha ni kazi. Lakini hapa ndipo penye roho za watu, kwa hiyo nitaieleza hesabu yake taratibu. Pima upana kati ya tairi la kushoto na la kulia. Gawa kwa mara mbili ya kimo cha kitovu cha uzito wa gari, yaani pale ambapo uzito wake wote ni kama umekusanyika, kutoka ardhini. Namba unayopata inakuambia nguvu ya ubavuni inayotosha kulipindua gari hilo, ukiilinganisha na uzito wake wenyewe. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, imekuwa ikitumia namba hii kuyapa magari nyota za kupinduka tangu magari ya mwaka 2001. Magari madogo hupata kama 1.3 hadi 1.5. Haya marefu yetu hucheza kati ya 1.0 na 1.3.

Sasa tuseme gari lina kilo 2,300, upana sentimita 150, kitovu kiko sentimita 75 juu ya ardhi. Namba ni 1.0. Weka kilo 200 juu ya keria, mita 2.1 kutoka chini: kitovu kinapanda mpaka karibu sentimita 86, na namba inashuka mpaka 0.87. Chukua kilo zilezile 200 uzilaze sakafuni: kitovu hakipandi hata sentimita moja. Mzigo ni uleule, barabara ni ileile, dereva ni yuleyule. Na barabarani hali huwa mbaya kuliko karatasi inavyosema, maana springi na matairi hubonyea upande mmoja na kuusogeza uzito nje zaidi.

Marobota yakashuka. Tumeyapanga katikati, mazito yakiegemea mgongo wa viti vya mbele, tukafunga kamba za mikanda.

Saa 1 na robo

Abiria ni daktari kijana, kijana wa maabara, na nesi ambaye ni mtu mzima kuliko sisi sote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo utatufikisha?"

"Inshallah. Naomba ufunge mkanda, mama."

"Magari haya nimeyapanda kabla hujazaliwa."

"Najua mama. Ufunge tu, ndipo niwashe."

Anafunga. Siwashi mpaka nisikie kila mkanda umelia. Gari likiviringika, asiyefunga anaweza kurushwa nje kupitia dirishani, kisha gari lenyewe likamlalia. Mikonga mingi ina benchi mbili za pembeni zinazotazamana huko nyuma, na nyingine hazina mkanda hata mmoja, huku watu wakijazwa kumi kumi kwa sababu tu nafasi ipo. Gari langu lilikuja hivyo. Nilisumbua ofisi mpaka wakafunga viti vinavyotazama mbele, vyenye mikanda.

Saa 2 hadi saa 3

Mwandiga tunaacha njia ya Kasulu, tunashika lami ya Manyovu. Mpaka Manyovu ni kama kilomita 60, na sehemu kubwa ni milima: kona, mteremko, kona, mgomba, kona, shule inatoka. Baiskeli zinashuka na mikungu ya ndizi au madumu ya mawese. Wageni hufurahia lami hii wakasahau wamekalia nini.

Kwenye kona nguvu inayolisukuma gari nje haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Kutoka 60 kwenda 80 mguu unauona ni mdogo sana, lakini nguvu imeongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Kwa hiyo breki napiga kabla ya kona, gari likiwa bado limenyooka, naingia na gia ndogo, natoka nikikanyaga mafuta kidogo kidogo. Anayekumbuka breki akiwa katikati ya kona amechelewa.

Kabla ya Kalinzi lori la mbao linatokea likiwa limeila njia yetu nusu nzima. Nasogea kushoto. Ukingo wa lami pale umelika, na tairi zangu mbili za kushoto zinadondoka kwenye changarawe: kishindo, kisha mawe yanapiga chini ya gari mfululizo. Nesi anasema "Yesu!" Mikono inataka kuvuta usukani kulia haraka. Siivuti. Naachia mafuta, breki siigusi, nashika usukani umenyooka nikiwa nusu lami nusu changarawe, lori linapita, mwendo unapungua mpaka tunatambaa. Ndipo natafuta mahali ambapo ukingo hauko juu, narudi lamini polepole.

Daktari ananiuliza kwa nini sikurudi mara moja. Nikamweleza kwamba pale ndipo watu wengi wanapoishia. Ukivuta usukani kwa nguvu, tairi linasugua ule ukingo, halipandi, unaongeza kuvuta, ghafla linapanda likiwa limekatwa upande wa kulia, gari linaruka kwenda upande wa wanaokuja. Dereva anashtuka, anakata kushoto. Gari refu haliwezi kuvumilia kutikiswa kulia kisha kushoto hivyo. Linakwenda kiubavu, tairi zinakwama kwenye udongo laini au mtaro, na mwili wa gari unaendelea na safari. NHTSA wanasema karibu asilimia 95 ya magari yanayopinduka peke yake hupinduka kwa kujikwaa namna hii: udongo, mtaro, jiwe, ukingo. Machache sana hupinduka juu ya lami tupu kwa kona peke yake.

Na mbuzi? akauliza. Mbuzi nampigia breki nikiwa nimenyooka. Kama nafasi haitoshi nitamgonga, nitamlipa mwenyewe. Sikwepi kwa nguvu nikiwa na watu wanne ndani.

Saa 4 hadi saa 8 mchana

Tumeacha lami, tuko kwenye udongo mwekundu. Jana mvua ilinyesha. Kuna mahali njia imepita ubavuni mwa kilima, upande wa bonde umemong'onyoka. Nashuka, natembea kwa miguu kwanza, nakanyaga ule ukingo: unazama. Nawaomba abiria washuke wavuke kwa miguu, kisha napita na gari nikibana upande wa mlima, gia ya kwanza ya fo wili ndogo. Kilima nakipanda au kukishuka kwa kunyooka inapowezekana. Kukikata kwa ubavu na gari refu ni mpaka pasiwe na njia nyingine. Fo wili inakutoa kwenye tope. Haishushi kitovu cha uzito.

Kazi ya zahanati ilikwenda vizuri, foleni ya akina mama na watoto ilikuwa ndefu. Mimi nililala kidogo chini ya mwembe, maana dereva mwenye usingizi ndiye anayedondosha tairi nje ya lami. Chakula ugali wa muhogo na maharage.

Saa 9 alasiri

Wenyeji wanaomba lifti na mizigo. Mama mmoja na mtoto mwenye homa wanakwenda hospitali, hao wanaingia, kiti kipo na mkanda upo. Mzee analeta mikungu ya ndizi.

"Binti yangu, hii tupa tu huko juu."

"Juu hapana babu. Nafasi ya vyandarua iko wazi, tuilaze humo."

Vijana wawili waliotaka kukaa juu ya keria nimewakatalia. Wamenisema. Sawa.

Saa 11 jioni

Karibu na Mwandiga daktari anafunguka: anaagiza gari refu lililotumika kutoka Japani, na rafiki yake amemshauri abadili springi aweke ndefu "ili likae kiume". Nikamwambia aache springi za kiwandani. Kila sentimita anayoinua inapanda na kitovu, upana unabaki palepale. Kama ana fedha ya ziada, anunue tairi nzuri za saizi iliyoandikwa kwenye nguzo ya mlango.

Nikamwambia pia atafute lenye mfumo wa kudhibiti mserereko. Toyota wanauita VSC. Ukiwasha swichi, kwenye dashibodi inatokea taa ya kigari chenye mistari ya mawimbi nyuma, halafu inazimika. Mfumo huo unabana breki ya tairi moja moja gari linapoanza kwenda kiubavu. Mwaka 1997 gari jipya la Mercedes-Benz A-Class lilipinduka Sweden kwenye jaribio la kukwepa kizuizi, na kampuni ikaamua kuufunga kwenye magari hayo yote. Marekani iliufanya lazima kwa magari mapya madogo na ya kati kuanzia ya mwaka 2012. Mkonga wangu hauna, ndiyo maana mimi ndiye VSC yake. Taa isipotokea kabisa, au ikitokea isizimike, amuulize muuzaji kabla ya kulipa.

Saa 1 usiku

Nimeosha tope la magurudumuni, nimekagua lile tairi la kushoto lililodondoka: ubavu hauna jeraha, rimu haijapinda. Kwenye kitabu cha gari nimeandika mahali ukingo wa lami ulipolika ili wenzangu wajue. Halafu nimemwandikia msimamizi wa usafiri kwamba keria iondolewe kabisa. Ikiwepo, kuna siku mtu ataijaza mimi nikiwa likizo. Amejibu kuwa fundi ataifungua Jumamosi, na kwamba mifuko ya saruji ya kesho, ya Uvinza, itakwenda na pikapu.