Kichwa kinaniuma, kwa hiyo mir

Sentensi iliyonifedhehesha ina maneno manne tu: Kannst du mich helfen? (Unaweza kunisaidia?) Niliitamka kwenye mtihani wa mazungumzo wa Kijerumani, kiwango cha B1, ile sehemu mnayokaa watahiniwa wawili mkapanga jambo pamoja huku mnasikilizwa. Mwenzangu, masikini, alikuwa na hofu kama yangu, akaniitikia kwa moyo mmoja: Ja, ich helfe dich! Tukatazamana, tumeridhika kabisa. Upande wa pili wa meza kalamu mbili zikashuka kwa pamoja.

Nilifaulu, lakini zile kalamu sikuzisahau. Ilitakiwa mir. Kannst du mir helfen, na yeye anijibu ich helfe dir. Na la kuudhi zaidi ni kwamba nilikuwa nalijua. Ningeulizwa kwa maandishi ningepata. Orodha ya vitenzi vinavyotaka dativi (umbo la mir, kwa kawaida la mtu anayepewa) badala ya akusativi (umbo la mich, kwa kawaida la anayetendwa) nilikuwa nayo, ukurasa mzima, kuanzia antworten na begegnen mpaka zuhören, na juu yake mwalimu ameandika kwamba hivi ni vya kukariri tu. Nikakariri. Mimi ni mhasibu, majina ya akaunti na namba zake ndiyo kazi yangu ya kila siku, kukariri hakunitishi. Tatizo ni kwamba unapozungumza hakuna anayekuuliza kwa kufuata alfabeti.

Baada ya mtihani nikafanya jambo ambalo sikulipenda hata kidogo. Nikajirekodi kwa simu nikisimulia siku yangu kwa Kijerumani, dakika kumi, halafu nikakaa na daftari lenye safu mbili, mich upande mmoja, mir upande mwingine, nikasikiliza. Hesabu ilikuwa mbaya. Kila nilipomtaja mtu mmoja aliyenisaidia, aliyenijibu au niliyemshukuru, nilikuwa nimeweka akusativi. Ila nilipokuwa nasema geben (kupa) au sagen (kuambia) sikukosea hata mara moja. Er gibt mir das Buch, ananipa kitabu. Sie sagt mir die Wahrheit, ananiambia ukweli. Hapo mir ilitoka yenyewe.

Nikaanza kujiuliza kwa nini, na jibu lilikuwa kinywani mwangu miaka yote. Ananiona. Ananipa. Ananisaidia. Ananijibu. Kiswahili kinatosheka na ni- moja kwa kazi zote hizo. Mjerumani ataigawa: er sieht mich, lakini er gibt mir, er hilft mir, er antwortet mir. Shuleni tulifundishwa shamirisho kipozi na shamirisho kitondo, tukapigia mistari na kupata alama zetu, lakini kiambishi chenyewe hakibadiliki, kwa hiyo sikio halijawahi kulazimika kuchagua. Kwenye geben nilikuwa naokolewa na kitabu: kuna kitu kinachotolewa, na kuna mtu anayepewa, wawili hao huwezi kuwachanganya. Kwenye helfen kuna mtu peke yake, na mtu akiwa peke yake sikio langu linamchukulia kuwa kipozi.

Basi nikatupa alfabeti na kuipanga orodha upya kwa kutumia Kiswahili.

Fungu la kwanza lilinichekesha, maana nilikuwa nimelikariri bure. Kichwa kinaniuma: der Kopf tut mir weh. Kitabu kinanipendeza: das Buch gefällt mir. Shati linanienea: das Hemd passt mir. Inanitosha: das reicht mir. Jambo limenitokea: etwas ist mir passiert. Jina limenitoka: der Name ist mir entfallen. Wazo limenijia: mir ist etwas eingefallen. Maneno yameniishia: mir fehlen die Worte. Tazama umbo lake. Katika zote kitu ndicho kimeshika usukani wa sentensi na mimi nimekaa pembeni, yananifika tu. Kiswahili kinafanya hivyo hivyo! Hata kikombe kikikuponyoka, unasema kimeniponyoka, na Mjerumani anasema die Tasse ist mir runtergefallen, wala hamna anayekiri kwamba alikiangusha. (Lugha mbili zisizo na undugu wowote, na zote mbili zinajua kukwepa lawama za kikombe.)

Tangu hapo kanuni yangu ni fupi: kama kwa Kiswahili ni kitu kinachonifanya, na mimi sijafanya chochote, basi mir. Si kanuni ya vitabuni na ina matundu. Das interessiert mich, inanivutia, ni akusativi japo umbo ni lile lile, na das ärgert mich, inaniudhi, vilevile. Hizo mbili nimeziandika kwa kalamu nyekundu. Lakini kwa maumivu, mavazi, mawazo yanayokuja na majina yanayotoroka, haijaniangusha bado.

Fungu la pili ndilo lililonifedhehesha: helfen, danken, antworten, gratulieren, vertrauen, zuhören. Hapa mtu anatenda na mtu anatendewa, na Kiswahili kinasema namsaidia, namshukuru, namjibu, bila dalili yoyote ya dativi. Nilichofanya ni kurudisha kile kitu kilichofichwa. Kumsaidia ni kumpa msaada. Kumshukuru ni kumpa shukrani. Kumjibu ni kumpa jibu, kumpongeza ni kumpa pongezi, kumwamini ni kumpa imani yako. Zuhören ni kumpa sikio. Kila kimoja kina zawadi ndani yake, kwa hiyo kinafuata njia ya geben. Wiki ya kwanza nilikuwa nasema kimoyomoyo “nampa msaada” kabla ya kufungua mdomo, na watu lazima walidhani nina kigugumizi. Wiki ya tatu ikawa haina haja tena.

Zuhören inastahili maneno zaidi, kwa sababu ina jirani yake hatari. Kwenye simu mtandao ukisumbua unauliza hörst du mich?, unanisikia? Mwenzako akiwa anachezea kitu kingine unauliza hörst du mir zu?, unanisikiliza? Sisi tunabadilisha mkia wa kitenzi na kuacha ni- ilivyo. Wao wanaongeza zu na kubadilisha mtu. Nimewahi kuuliza hörst du mich zu? na kupata kimya ambacho sikujua ni cha mtandao au cha huruma.

Kuna wanaosema angalia maana ya kitenzi, utaijua dativi. Mimi siamini. Helfen na unterstützen vyote ni kusaidia, kimoja kinataka mir na kingine mich. Begegnen na treffen vyote ni kukutana na mtu: ich bin ihm begegnet, ich habe ihn getroffen. Na kuna jozi ambayo kila anayejifunza angeibandika ukutani: ich frage dich, du antwortest mir. Swali linakwenda kwa akusativi, jibu linarudi kwa dativi. Maana iko wapi hapo?

Umbo la kitenzi linasaidia kidogo zaidi. Vyenye zu-, nach-, bei-, wider- au ent- mbele, vingi vinataka dativi: zustimmen (kukubaliana), nachlaufen (kumkimbilia mtu kwa nyuma), beitreten (kujiunga), widersprechen (kupinga), entkommen (kuponyoka). Ukiweka be- mara nyingi inageuka kuwa akusativi: dem Rat folgen lakini den Rat befolgen (kufuata ushauri), jemandem drohen lakini jemanden bedrohen (kumtishia mtu), na mtumishi anayedienen bwana wake kwa dativi akiwa mhudumu atabedienen wateja kwa akusativi. Halafu begegnen, yenye be- waziwazi, inakaa kwenye dativi bila aibu.

Sasa niungame ujanja mmoja. Uns (sisi) na euch (ninyi) hazibadiliki, akusativi na dativi ni neno lile lile. Kabla ya kujirekodi nilikuwa nimeshazoea, bila kujua, kusema mambo mengi kwa wingi. Sie hat uns geholfen. Er hat uns geantwortet. Nilikuwa peke yangu siku hiyo, lakini uns haina kosa. Nilipofungua ile rekodi nikajisikia nikiishi maisha ya familia kubwa ambayo sina. Kama unajiona unafanya hivyo, ujue unajificha. Nafsi zinazoumbua zaidi ni za umoja: mich na mir, dich na dir, sie na ihr (yeye wa kike), na hasa ihn na ihm (yeye wa kiume), ambazo mtu akisema haraka husikii tofauti kabisa, ila ukiandika zinaonekana. Na Sie ya heshima, ambayo lazima iwe Ihnen: ich danke Ihnen. Barua zangu za kikazi zilikuwa na ich danke Sie nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Kilichobaki kigumu kwangu ni kauli ya kutendwa. Kwetu sisi yeyote hutendewa: nilisaidiwa, nilijibiwa, nilipewa, nilishukuriwa. Mtu anapanda juu na kuwa kiima bila kuomba ruhusa. Mjerumani hamruhusu mtu wa dativi kupanda. Mir wurde geholfen, siyo ich wurde geholfen. Mir wurde nicht geantwortet. Sentensi inaanza bila kiima chochote na kitenzi kinasimama peke yake, na mimi bado nasikia kama mlango uliofunguliwa na hakuna anayeingia. Kulikuwa na tangazo la biashara Ujerumani, la huduma ya kuulizia namba za simu, lililotumia kosa hili hili kwa makusudi: Da werden Sie geholfen (hapo utasaidiwa). Wajerumani wanalikumbuka mpaka leo na wanalicheka. Mimi nililisikia mara ya kwanza nikaona liko sawa kabisa, nikaliandika kwenye daftari kama mfano mzuri.

Folgen nayo sijaipatia ujanja. Kumfuata mtu hakuna zawadi ndani yake, na hakuna kitu kinachokufanya. Ich folge dir. Ich bin dir gefolgt, na juu yake kitenzi kisaidizi ni bin badala ya habe. Hii nimeikariri kavu.

Na dativi ikishaingia ulimini haijui pa kuishia. Juzi kwenye somo la mtandaoni nilitaka kumuuliza mwalimu kuhusu glauben, kwa nini ni ich glaube dir kwa mtu lakini ich glaube das kwa jambo. Nikajiandaa vizuri, nikachagua Sie ya heshima, nikaibadilisha kwa makini, nikasema kwa sauti ya mtu aliyeiva: Darf ich Ihnen etwas fragen? (Naweza kukuuliza jambo?)

Akatabasamu. “Sie dürfen mich fragen,” akasema, na ile mich akaivuta taratibu mpaka nikaiandika.