Boila ya zamani bafuni: maji, waya na ardhi

Maji yakikatika hapa Bukavu, zima boila kwenye disjonkta, yaani swichi ya usalama inayokata umeme. Vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma ikiwa imechakaa, tangi hujimwaga polepole kuelekea bomba la chini, na rezistansi (kipande cha ndani kinachochemsha maji) ikiwaka bila maji huungua haraka. Maji yakirudi, fungua bomba la maji moto mpaka yatiririke bila hewa, ndipo uwashe.

Kabla ya kugusa waya, kata umeme na uhakikishe kwa kipimo. Rezistansi nzima ya wati 1,500 kwa volti 220 husoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 32 hivi. Kati ya ncha zake na chuma cha tangi, kipimo kisisome kitu, yaani kisionyeshe njia yoyote ya umeme. Kikisoma, umeme unavuja ndani ya maji ya kuogea. Badilisha rezistansi siku hiyo hiyo. Disjonkta ya kuzuia uvujaji, ya miliampea 30, ikiruka kila mara, inakuonya. Tafadhali, usiunganishe waya ili umeme uipite pembeni! Nayo haichukui nafasi ya waya wa ardhi, unaopeleka umeme uliovuja ardhini: vyote viwili vinahitajika, pamoja na waya za milimita 2.5 za mraba.

Vali ya usalama hufunguka shinikizo la maji likifika baa 7. Izungushe mara moja kwa mwezi isigande, na tundu lake lisizibwe kamwe, hata likidondosha.

Thermostati, kidhibiti cha joto, iwe nyuzi 60; maji ya vuguvugu hulea bakteria. Fimbo ya magnesi, inayoliwa na kutu badala ya tangi, ikibaki waya mtupu, weka mpya kabla kutu haijala tangi.