Inzi kwenye fensi ya maua: mimi niliwapunguza hivi

Nyumba yetu iko Mtwara mjini, na upande wa barabarani hatuna ukuta. Tuna fensi ya hibiskasi inayofika kifuani. Mvua zikishakata, inzi wa kawaida kabisa, wale wa jikoni, walikuwa wanajaa humo utadhani kuna mtu kaficha samaki. Ukikaa barazani kunywa chai, mkono mmoja ni wa kikombe na mwingine wa kufukuzia.

Nilizoa taka, nikasafisha banda la kuku. Inzi wapo tu. Aliyenifumbua macho ni mzee jirani, mkulima wa korosho. Alichuma jani, akanishikisha. Linanata.

"Mwanangu, inzi hawali majani. Wamefuata utamu huu. Geuza umwone anayeutengeneza."

Chini ya jani kumetapakaa unga mweupe, na nilipotikisa tawi vikaruka vidudu vyeupe vidogo sana. Nzi weupe, jamaa za wale wanaosambaza ugonjwa wa batobato kwenye mihogo. Wanafyonza utomvu wa mmea, na sukari inayozidi wanaitoa nyuma kama majimaji. Yanadondokea majani ya chini, yanaotesha ukungu mweusi unaofutika kwa kidole, na sisimizi na inzi wanakuja kulamba. Dawa ya inzi isingenisaidia chochote.

Huku kwetu jibu la kila mdudu ni salfa, maana ndiyo iliyojaa kwenye stoo za watu. Lakini salfa ya mikorosho ni ya ubwiriunga, na ubwiriunga ni ugonjwa wa ukungu, si mdudu. Nikamuuliza mzee kuhusu dawa ya maji, ile ya mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi ya mkorosho. Akatikisa kichwa: ingeua hata wale wadudu wekundu wenye madoa meusi, ambao chakula chao ni wafyonzaji wa aina hii.

Basi nilianza na mkasi. Nilipunguza matawi ya katikati ili hewa ipite, na yaliyolemewa zaidi nikayachoma. Kisha mpira wa maji, nikipiga kwa nguvu kutoka chini kwenda juu. Ukimwagia kwa juu umelowesha barabara tu. Jioni napulizia maji ya mwarobaini: majani yaliyotwangwa, yakalala kwenye ndoo usiku kucha, yakachujwa, na sabuni ya maji kidogo ili dawa ishike. Mchana wa jua kali usithubutu, sabuni inaunguza majani. Na lazima urudie kila wiki, kwa sababu mayai hayafi na yanaangua nyuma yako. Wengi wanakata tamaa hapo, wanasema mwarobaini ni hadithi za bibi.

Majimoto, wale sisimizi wanaoshona viota vya majani mtini, ndio walinipa shida ya kuamua. Kwenye mkorosho wangu wa uani ni walinzi, wanamfukuza mbu wa mikorosho, na mzee hataki hata kusikia wakiuawa. Lakini hao hao wakihamia kwenye fensi wanawalinda wafyonzaji ili wapate utamu. Nilikata matawi yote ya mkorosho yaliyogusa fensi, njia yao ikakatika, wakabaki kwao juu.

Nzi weupe wachache bado wapo, na sina mpango wa kuwamaliza; wale wekundu wenye madoa nao wanahitaji kula. Majani hayanati tena, na inzi wa barazani sasa ni wale wanaofuata chai yenyewe.