Kitalu cha mikarafuu, wiki ya tisa

Hesabu ya asubuhi: viriba 60, vilivyoota 41. Kwa mtu aliyeanza na sifuri, si haba.

Sifuri yenyewe ni ya mwaka jana. Niliokota matunda ya karafuu kwenye shamba letu hapa Wete, Pemba, nikayamenya, mbegu nikazianika juani siku nne kama tunavyoanika karafuu, nikazitia chupani kungojea masika. Chupa ya pili ilikuwa na kokwa za ukwaju. Mvua ziliponyesha, ukwaju niliuloweka maji ya moto ukaota bila ya shida. Za karafuu nilipozipasua, ndani kahawia tupu.

Kokwa ya ukwaju hukauka ikabaki hai. Mbegu ya mkarafuu ikikauka imekufa, na hata ukiiweka kivulini haina siku nyingi. Lile ghala la mbegu la Svalbard, Norwei, lililofunguliwa 2008, huhifadhi mbegu kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, lakini mbegu lazima zikaushwe kwanza. Karafuu hapo haiingii.

Shida nyengine ni kupata hilo tunda. Karafuu tunachuma ingali tumba, kwa hiyo mti uliochumwa vizuri hauzai. Safari hii nilimwomba mama aniachie tawi moja.
"Tawi zima? Si litaharibika?"
"Haliharibiki mama, litazaa."

Lilizaa. Matunda yalipogeuka zambarau iliyokoza niliyachuma, nikayaloweka usiku mmoja, nikafikicha nyama, na asubuhi ile ile mbegu zikawa kiribani. Mbegu yenyewe ni ya kijani, nene, imegawika pande mbili.

Sasa ubaya: tunda langu liliiva kaskazi, na mvua nilizozitegemea zilichelewa. Ukwaju ungengoja chupani, huyu hangoji. Nikamwagilia kwa kopo asubuhi na jioni. Vingi kati ya vile 19 vilivyokufa viko pembeni, pale upepo ulipong'oa kuti la kivuli. Hilo uzembe wangu.

Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana sitaki kutegemea mti mmoja. Msimu ujao nataka tawi kwenye miti mitatu: mmoja bondeni, miwili kilimani mbalimbali.

Mama ameshaanza kuhesabu ni pishi ngapi hizo. Bei hajanitajia.