Allamano kwa L mbili: nilivyolifuata jina langu hadi Piemonte

Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Alamano. Cheti cha kidato cha nne kinasema Allamano, na kitambulisho cha taifa kikafuata hicho cha shule. Kadi ya kliniki, ambayo mama bado anaitunza ndani ya Biblia yake, inasema Aramano, kwa mwandiko wa muuguzi aliyeandika alichosikia. Kwa miaka 33 sikuona shida yoyote. Nikiitwa, naitika.

Mei 2024 zikaja habari kwamba Papa Fransisko ameridhia muujiza wa Mwenyeheri Giuseppe Allamano, padre wa Torino, Italia, aliyewaanzisha Wamisionari wa Consolata. Haikupita muda parokiani kwetu Iringa wakaanza kuandikisha mahujaji wa kwenda Roma kushuhudia akitangazwa Mtakatifu, nami nikawa miongoni mwa wa kwanza. Nilizaliwa mapema mwaka 1991, miezi michache baada ya Allamano kutangazwa Mwenyeheri tarehe 7 Oktoba 1990. Jina lake lilikuwa bado linatajwa kila Jumapili, baba akalichukua akanipa.

Nilipokwenda kuomba pasipoti, karani alipanga vyeti vyangu mezani kimoja kimoja, kisha akanirudishia vyote. "Kaka, hapa kuna watu wawili. Nenda kwanza uamue wewe ni yupi."

Ningeweza kulimaliza jambo hilo kwa wakili ndani ya siku moja. Unakula kiapo, unagongewa muhuri, basi. Lakini wakili naye akaniuliza lipi kati ya hayo ndilo jina langu sahihi ili aliandike, nikakosa jibu. Sikutaka kuapa juu ya kitu nisichokijua. Nikamwomba anisubiri.

Nilianzia kwenye kitabu cha ubatizo, na ningemshauri hivyo kila mtu mwenye jina la kimisionari. Katibu wa parokia alikitafuta karibu saa nzima. Padre aliyenibatiza alikuwa Mwitaliano, na mwandiko wake ulikuwa wa kulala: Allamano, L mbili ndefu zilizosimama bega kwa bega. Kwa ajili ya wakili hapo nilikuwa nimeshapata nilichokihitaji, maana ndivyo jina lilivyoandikwa nilipobatizwa. Nikaomba cheti cha ubatizo. Ila njiani kurudi nyumbani nikaanza kujiuliza L ya pili ilitoka wapi, wakati mimi, wazazi wangu na hata yule padre sote tulitamka moja tu.

Nikaenda kwa Sista mmoja mzee wa Consolata ambaye ameishi nchini kwetu miaka mingi kuliko umri wangu.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina, mwanangu. Kaa."

Akanieleza kwamba kwa Kiitaliano mano ni mkono, na mtu akisemwa kuwa ni alla mano, maana yake ni mtu asiyejikweza, mtu unayeweza kumfikia. "Ndivyo alivyokuwa Baba Mwanzilishi," akasema. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha, nikamsimulia mke wangu, nikawasimulia wanakwaya. Kwa wiki mbili nilitembea nikiamini kwamba jina langu maana yake ni mnyenyekevu.

Kilichonitoa kwenye imani hiyo ni ramani. Ziko tovuti za Kiitaliano ambazo ukiandika jina la ukoo zinakuonyesha ramani ya nchi, mahali lilipo na mahali lisipokuwepo. Nyingi zimetengenezwa kutokana na vitabu vya simu za mezani, kwa hiyo vijana wenye simu za mkononi tu hawamo. Hata hivyo zinatosha kukuonyesha kitovu. Niliandika Allamano. Karibu Italia yote ikabaki nyeupe. Rangi ilijikusanya kaskazini-magharibi, mkoa wa Piemonte, upande wa Torino na Asti. Ni jina la familia chache za sehemu moja.

Kisha nikajaribu tahajia nyingine, na hapo ndipo mambo yalipofunguka. Nikiandika Allemano, napata Piemonte tena. Serafino Allemano ndiye aliyeanzisha karakana ya kuunda bodi za magari Torino mwaka 1928. Nikiandika Alemanno, rangi inaongezeka na kushuka hadi kusini, Puglia. Gianni Alemanno, aliyekuwa meya wa Roma kuanzia 2008 hadi 2013, alizaliwa Bari. Alamanni linakupeleka Firenze, kwao mshairi Luigi Alamanni aliyezaliwa 1495. Na huko huko Firenze Alamanno lilikuwa hata jina la kwanza la mtu: alikuwepo msomi Alamanno Rinuccini katika karne ya 15.

Majina ya ukoo ya Waitaliano kwa kawaida hutoka sehemu nne: jina la baba au babu, mahali pa asili, kazi, au jina la utani. Alla mano ingeweza kuwa jina la utani, nakubali. Lakini jina la utani la namna hiyo lingesimama peke yake, lisingekuwa na ndugu kuanzia Torino hadi Bari. Ndugu hao wote wanaelekeza kwa Waalemanni, watu wa Kijerumani wanaotajwa katika maandishi ya Kirumi tangu karne ya 3, ambao jina lao ndilo lililowapa Wafaransa neno Allemagne, yaani Ujerumani. Familia iliyoitwa hivyo yaelekea ilikuwa na babu aliyetoka upande wa pili wa milima ya Alpi, au aliyefanana na wa huko, au aliyepewa tu Alamanno kama jina la kwanza. Mimi nimeegemea hapo, ingawa bado nampenda Sista kwa tafsiri yake.

Maana yake ni kwamba jina langu linasema "Mjerumani".

Mimi ni Mhehe. Kwetu hakuna mtoto asiyejua Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 watu wa Mkwawa, mtawala wetu, waliwashinda askari wa Zelewski, kamanda wa Kijerumani. Hakuna asiyejua jinsi Mkwawa alivyojiua mwaka 1898 kuliko kukamatwa, na kwamba fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954 tu. Usiku ule nilikaa na simu mkononi nikisita kumpigia baba. Nikampigia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umelala saa ngapi wewe, mbona sauti hivyo?"

Nikamweleza. Akanyamaza hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Yule Padre Allamano mwenyewe alikuwa Mjerumani?"

"Hapana, baba. Mwitaliano, na mama yake alikuwa wa ukoo wa Cafasso, dada wa Mtakatifu Giuseppe Cafasso."

"Basi endelea na kazi yako."

Nikaendelea. Sasa nilitaka kuiona familia yenyewe kwenye vitabu, na kwa atakayejaribu jambo kama hili, hapa ndipo pa kuwa na subira. Nyaraka za Italia hazitafutwi kwa jina, zinatafutwa kwa mji. Lazima kwanza ujue komune, yaani mji wenye ofisi yake, ndipo ufungue vitabu vyake. Allamano alizaliwa tarehe 21 Januari 1851 Castelnuovo d'Asti, mji mdogo wa vilima na mizabibu mashariki ya Torino, alikozaliwa pia Don Bosco mwaka 1815. Mimi nilipoteza jioni mbili nikisoma habari za Castelnuovo nyingine, maana Italia imejaa miji yenye jina hilo na hata Asti peke yake inayo zaidi ya mmoja. Isitoshe, Castelnuovo d'Asti haimo kwenye orodha za leo. Tangu 1930 unaitwa Castelnuovo Don Bosco.

Jambo la pili ni mwaka. Ufalme wa Italia ulianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo serikalini tarehe 1 Januari 1866. Kabla ya hapo Piemonte ilikuwa na vitabu vya serikali wakati wa Napoleon tu. Alipoondoka, kazi ikarudi kwa maparoko, na tangu 1838 mfalme akawataka waandike nakala mbili kwa Kiitaliano, moja ibaki kanisani na nyingine iende serikalini. Kwa hiyo mtoto wa 1851 humtafuti kwenye ofisi ya mji, unamtafuta kwenye kitabu cha ubatizo. Nilicheka peke yangu nilipolielewa hilo, kwa furaha kabisa. Yeye na mimi tumeandikwa kwa namna moja.

Nakala za vitabu vingi zimewekwa mtandaoni bure kwenye tovuti ya Antenati ya hifadhi za serikali ya Italia, ingawa si kila mji umo. Nilijifunza maneno machache tu yakanitosha: nato ni aliyezaliwa, figlio di ni mwana wa, na fu mbele ya jina la baba ni marehemu. Ukikuta "Giovanni fu Pietro", umeshapata vizazi viwili kwa neno moja, na umejua kwamba siku ya kuandikwa Pietro alikuwa ameshakufa.

Na L mbili? Jibu lake nililipata kwenye lugha, halikuwa kwenye vitabu. Kipiemonte, lugha ya nyumbani ya watu wale, hakivuti konsonanti iliyoandikwa mara mbili kama Kiitaliano cha Firenze. Mkulima alitamka L moja na N moja. Padre au karani aliyeandika kwa Kilatini au Kiitaliano ndiye aliyekisia wapi paongezwe herufi. Mmoja akaongeza kwenye L, mwingine kwenye N, mwingine kote au asiongeze popote, na si ajabu huko baba na mwana wakaandikwa tofauti. Zamani Allamano na Alemanno hayakuwa majina mawili. Yalikuwa sauti moja ikipita kwenye kalamu nyingi, hadi sheria za usajili zilipoigandisha kila familia mahali kalamu ilipoiacha.

Nilifikiri juu ya yule muuguzi wa Aramano. Na nikagundua kwamba mama yangu akiniita jikoni, analitamka jina langu karibu sawasawa na mkulima wa vilima vile, mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, L moja nyepesi.

Nilitafuta Argentina pia, kwa sababu Wapiemonte wengi sana walihamia huko mwishoni mwa karne ya 19, hasa mikoa ya Santa Fe na Córdoba. Huko angalieni: kwa Kihispania LL inasomwa kama Y, na Argentina wengi huisoma kama SH. Mwenye Allamano aliyeshuka melini alikuwa na sababu nzuri ya kuiangusha L moja. Kwa hiyo tafuta kwa tahajia zote, usiridhike na moja.

Lakini safari iliyonigusa zaidi ni ile ya kuja kwetu. Giuseppe Allamano hakuwahi kukanyaga Afrika. Alikuwa msimamizi wa kanisa la Consolata mjini Torino tangu 1880 hadi alipofariki tarehe 16 Februari 1926. Wamisionari wake wanne wa kwanza waliondoka Torino Mei 1902 wakafika Tuthu, Murang'a, nchini Kenya, mwezi uliofuata, kwa Chifu Karuri wa Gakure. Iringa walifika 1919, baada ya vita kuwaondoa Wabenediktini Wajerumani, wakaishika misheni ya Tosamaganga. Allamano mwenyewe hakuacha mtoto. Jina la ukoo ambalo kwa kawaida hupita kwa baba kwenda kwa mwana, yeye lilimpita pembeni, likawa jina la shule, la vituo, na hatimaye la kwanza la watoto waliobatizwa Nyeri, Meru na Iringa.

Na kwetu mtoto hubeba jina la kwanza la baba yake mwishoni mwa lake. Binti yangu anasoma darasa la tatu. Kwenye daftari lake jina la mwisho ni Allamano. Lilitoka ukoo likawa la mtu, sasa limerudi kuwa la ukoo, bila tone la damu ya Castelnuovo. Mtu atakayechora ramani ya dunia ya jina hili itambidi aweke nukta Nyanda za Juu Kusini, na asipouliza atadhani kuna Mwitaliano alihamia.

Kwa wakili nilirudi Julai na cheti cha ubatizo. Niliapa kwa sauti. Vyeti vikanyooshwa, pasipoti ikatoka, viza ikafuata. Tarehe 20 Oktoba 2024 nilikuwa uwanja wa Mtakatifu Petro jina lake liliposomwa na watu wa bara zima wakashangilia, nami nikalia.

Baadaye wachache wetu tulipanda treni hadi Torino, tukasali kwenye kaburi lake katika nyumba mama ya Consolata. Kule jina liko barabarani: Corso Allamano ni njia pana ya magharibi ya mji, na pia ni jina la njia ya kutokea kwenye barabara kuu ya kuzunguka mji. Dereva aliyetubeba alilijua kama mahali pa kukata kona.

Castelnuovo tulifika mchana, ukungu ukiwa juu ya mizabibu. Nyumba aliyozaliwa imetunzwa. Mama aliyetutembeza alinipa kitabu cha wageni nikaandika jina langu, polepole, L mbili. Akaliangalia, akaniangalia mimi, akauliza kama anavyomuuliza mtu wa kwao:

"Allamano di dove?"

Allamano wa wapi. Nikachukua tena kalamu, nikaandika chini yake kwa herufi kubwa ili asije akakosea tahajia: IRINGA.